Wakonzo na Wanande: jamii moja, nchi mbili. Mambo ya kujua kuhusu mpaka wa Mpondwe

Wakonzo wa wilaya ya Kasese na Wanande wa Beni, Lubero na Butembo ni jamii moja iliyokatwa na mpaka. Wengi wao hujiita kwa jina moja: Bayira. Lhukonzo na Kinande zinakaribiana kiasi kwamba mtu wa Bwera na mtu wa Butembo wanaelewana bila mkalimani. Hata neno la kushukuru, wasingya, ni hilo hilo pande zote mbili.

Hata hivyo, mbele ya sheria undugu huo haukupi uraia wala hadhi ya ukimbizi. Uganda na Kongo zikipatana au zikikosana, wa kwanza kuhisi ni wewe unayeishi karibu na mpaka. Makala hii inaeleza mpaka huu ulivyotokea, uhusiano wa serikali hizo mbili, na mambo ya kufanya ili ujilinde wewe na familia yako, uwe mkimbizi au mwenyeji.

Mpaka ulitoka wapi?

Mwaka 1910, Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani zilikubaliana mjini Brussels namna ya kugawana eneo hili. Mwaka 1915 Uingereza na Ubelgiji zikathibitisha mstari wenyewe. Mpaka unapita kwenye kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori, chenye urefu wa mita 5,109. Kisha unashuka, unafuata mto Lhubiriha, ambao ramani nyingi huuandika Lubilia, hadi ziwa Edward.

Watu wa milimani hawakuulizwa. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa chini ya tawala mbili, wengine wakasomeshwa kwa Kiingereza na wengine kwa Kifaransa.

Rwenzururu na jina "Yira"

Upande wa Uganda, Waingereza waliwaweka Wakonzo na Waamba chini ya ufalme wa Tooro. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya uhuru, vuguvugu lililoongozwa na Isaya Mukirania lilitangaza kujitenga na kuunda Rwenzururu. Mapambano yaliendelea hadi 1982, mwanawe Charles Wesley Mumbere aliposhuka mlimani na kukabidhi silaha. Mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu kama taasisi ya kitamaduni.

Novemba 2016 kulitokea mapigano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa mfalme. Tarehe 27 jeshi lilishambulia ikulu ya mfalme mjini Kasese. Zaidi ya watu 100 walikufa, na mfalme alikamatwa. Serikali ilidai kwamba kulikuwa na mpango wa kuunda "Jamhuri ya Yira" kwa kuunganisha sehemu za Uganda na za Kongo. Ufalme ulikanusha. Mwaka 2023 mashtaka yaliondolewa na mfalme akarudi Kasese.

Kwa hiyo jina Yira lina sura mbili. Kwa wananchi ni jina la ukoo na utamaduni. Kwa maafisa wa usalama linaweza kuamsha shaka ya siasa. Kama wewe ni mkimbizi, kumbuka kwamba Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakukataza kushiriki shughuli za kisiasa ndani ya nchi. Kuzungumza lugha yako, kusali, kwenda harusini na msibani pamoja na wenyeji si siasa. Lakini mikutano ya kudai mpaka ubadilishwe, au kuchangia fedha na vijana kwa kundi lolote lenye silaha, inaweza kukupeleka gerezani na kukupotezea ulinzi.

Kampala na Kinshasa: marafiki na wapinzani

Tarehe hizi zitakusaidia kuelewa habari unazosikia redioni:

- Novemba 1996: waasi wa ADF walishambulia Mpondwe wakitokea Kongo. Baadaye kundi hilo lilijichimbia katika misitu ya Beni, na tangu 2014 limeua raia wengi huko, wakiwemo Wanande wengi.
- 1998 hadi 2003: jeshi la Uganda lilikuwa ndani ya Kongo wakati wa vita. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Mwaka 2022 iliamuru Uganda ilipe Kongo fidia ya dola milioni 325.
- 16 Juni 2021: Marais Museveni na Tshisekedi walikutana mpakani, Mpondwe na Kasindi, kuzindua ujenzi wa barabara, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni.
- 30 Novemba 2021: majeshi ya nchi mbili yalianza Operesheni Shujaa dhidi ya ADF.
- 2022: Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki.
- 16 Juni 2023: watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe. Serikali ya Uganda ilisema ADF ndio waliofanya shambulio hilo.

Kusini zaidi, katika Rutshuru, hali ni tofauti. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Uganda imewasaidia M23, na Uganda inakanusha. Ndiyo maana serikali hizi mbili zinapigana bega kwa bega Beni, huku zikitiliana shaka sehemu nyingine ya mkoa huo huo wa Kivu Kaskazini.

Ugonjwa nao huvuka mto. Juni 2019 Ebola ilithibitishwa Kasese kwa mtoto wa familia yenye ndugu pande zote mbili, waliokuwa wamerudi kutoka msibani Kongo. Wakuu wa afya wa nchi mbili walikubaliana baadhi ya wanafamilia warudishwe Kongo kutibiwa. Kukitokea mlipuko au shambulio, tarajia upekuzi na upimaji mkali zaidi mpakani, hata kwa mtu anayevuka kila siku ya soko.

Kama umekimbia kutoka Kongo

*Sema wazi kwamba unakimbia.* Mwambie afisa wa uhamiaji, polisi au askari mpakani kwamba unaomba hifadhi. Ukijieleza kama mfanyabiashara au mtu anayetembelea ndugu, utahesabiwa hivyo. Sheria inakataza kukurudisha mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Usajili ni bure. Usimlipe mtu yeyote.

*Fikiria kabla ya kubaki kwa ndugu.* Wilaya ya Kasese haina makazi rasmi ya wakimbizi. Kipande cha ardhi na msaada wa kawaida hutolewa katika makazi kama Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali na Nakivale. Kwa shangazi Bwera utapata lugha yako na mtu wa kukushika mkono. Lakini bila usajili hutakuwa na karatasi ya kuonyesha siku utakapoulizwa wewe ni nani. Ukiamua kubaki, tafuta kwanza ushauri wa Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM) au UNHCR.

*Usichukue kitambulisho cha taifa kwa jina la ndugu.* Katiba ya Uganda ya 1995 inawataja Wakonzo kati ya jamii za asili zilizokuwepo tarehe 1 Februari 1926. Hiyo haimaanishi kila anayezungumza lugha hiyo ni Mganda. Uraia wa kuzaliwa hufuata mahali ulipozaliwa na wazazi au mababu zako ni nani. Kama mzazi, babu au bibi yako alikuwa raia wa kuzaliwa wa Uganda ulipozaliwa, unaweza kudai haki yako waziwazi kwa ushahidi. Kumbuka pia kwamba katiba ya Kongo inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na haushikwi pamoja na mwingine. Mtu aliyeandikishwa kama mkimbizi na pia kama raia anaweza kupoteza msaada na kushtakiwa.

*Kurudi kuangalia shamba.* Ukirudi kwa hiari na kuanza kuishi tena Kongo, hadhi yako ya ukimbizi inaweza kukoma. Zungumza na OPM au UNHCR kabla ya kuvuka.

Kama wewe ni mwenyeji

Mgeni akifika nyumbani kwako usiku, mpe maji na mahali pa kulala. Asubuhi mpeleke kwa mwenyekiti wa LC1 na umwambie ametoka wapi. Usimfiche. Tangu shambulio la 2023, mgeni asiyejulikana na kijiji hutiliwa shaka haraka, na wewe uliyempokea utaulizwa maswali pamoja naye. Akishatambulishwa, msaidie afike mahali pa kusajiliwa.

Usieneze maneno kwamba "Wanande ndio wanaoleta ADF". Wengi waliovuka mto wamezika watu wao waliouawa na kundi hilo hilo lililoua watoto wa Lhubiriha. Ukiona jambo la hatari, taja unachokiona: watu wangapi, wapi, saa ngapi. Ripoti ya namna hiyo inasaidia polisi. Kutaja kabila la mtu kunawaweka hatarini wasio na hatia, wakiwemo pengine wa ukoo wako mwenyewe.