Umeme ukikatika, hesabu ianze sifuri?

Umewahi kuacha kompyuta ipige hesabu usiku kucha, halafu umeme ukakatika alfajiri? Wewe uliyekuwa Mbeya au Iringa mwaka 2006, mwaka wa mgao, huna haja ya kuulizwa.

Tatizo lilianzia mtoni. Ruaha Mkuu hukusanya maji ya milimani kwenye bonde la Usangu, Mbeya, ukayapeleka bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Mtera ni akiba: maji ya masika yanatunzwa ili mitambo ya huko chini, Kidatu, isisimame kiangazi. Ukame ulipoishusha akiba hiyo, umeme ukawa wa zamu.

Kompyuta nazo zina akiba yao, inaitwa chekipointi. Programu inasimama kidogo, inaandika kwenye diski namba zote ilizonazo na hatua iliyofikia. Mashine ikizimika, kazi inaendelea kutoka hapo. Ni kama kusevu gemu.

Lakini kusevu nako kunakula muda. Mwaka 1974, John Young alitoa kanuni: zidisha 2 kwa muda wa kusevu, kisha kwa wastani wa muda kati ya hitilafu mbili, halafu tafuta kipeuo cha pili. Tuseme umeme hukatika kila baada ya dakika 480, na kusevu huchukua dakika 1. Unapata kipeuo cha 960, yaani usevu kila dakika 31 hivi.

Mwaka 1988, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza mfumo wao, Condor. Uliwinda kompyuta za ofisini zilizokaa bure na kuzipa hesabu ndefu. Mwenye mashine akirudi, kazi ilihamia nyingine pamoja na chekipointi yake.

Na mwaka uleule wa mgao, watu duniani walikuwa wakiazimisha kompyuta zao kwa mradi wa malariacontrol.net, kukokotoa uenezaji wa malaria. Modeli zake zilitumia takwimu za Namawala, bonde la Kilombero, ng'ambo ya milima ya Udzungwa ukitokea Iringa. Mtu alizima mashine akalala. Kesho yake hesabu iliendelea ilipoishia. Asiporudi, alipewa mwingine.

Kwa hiyo, kabla hujaacha hesabu za tasnifu yako usiku, jiulize: kwangu umeme hukatika mara ngapi? Piga kanuni ya Young, weka chekipointi, ndipo ukalale.