Mchoraji Aliyeiandika kwa Rangi Safari ya Wazazi Wake



Ni desturi ya kijitabu hiki kwamba, baada ya hesabu za fedha na majina ya marehemu wetu, kurasa chache za mwisho huachiwa historia. Mwaka huu twaomba ruhusa ya kuvuka bahari, tueleze habari za Jacob Lawrence wa Marekani. Mtu huyu hakuwa mwanahistoria wa chuo, bali mchora picha. Lakini kazi yake ilianzia pale pale inapoanzia kazi ya chama kama hiki, yaani kwa watu walioyaacha mashamba ya wazee wao wakaenda mjini kutafuta riziki.

Lawrence alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 1917 katika mji wa Atlantic City. Baba yake alitoka South Carolina na mama yake Virginia, nchi za kusini ambako Watu Weusi walikuwa watumwa mpaka mwaka 1865. Wazazi hao waliachana Jacob akiwa angali mdogo. Mama akaenda kutafuta kazi Harlem, mtaa mashuhuri wa Watu Weusi katika New York, na watoto wake wakabaki Philadelphia mikononi mwa walezi. Mwaka 1930, kijana akiwa na miaka 13, ndipo alipokwenda kukaa na mamaye. Wako miongoni mwetu wajuao vema maana ya mtoto kumngojea mzazi aliye mjini, wala hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mama huyo, ili mwanawe asizurure njiani wakati yeye yuko kazini, alimpeleka mahali palipotunza watoto baada ya masomo. Huko akakutana na Charles Alston, mchoraji aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Baadaye mwanamke mchongaji wa sanamu, Augusta Savage, alimsaidia kupata kazi ya kuchora katika mpango wa serikali uliowekwa kwa ajili ya wasanii wakati wa shida kuu ya uchumi. Lakini shule yake ya pili ilikuwa maktaba ya mtaa wa 135, iliyohifadhi vitabu na hati alizokusanya Arturo Schomburg, mtu wa Puerto Rico aliyetumia maisha yake kutafuta kumbukumbu za watu weusi wa dunia nzima. Katika madarasa ya shule Lawrence hakufundishwa mambo hayo. Ilimbidi ayafuate mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Matunda ya kusoma huko yalionekana mapema. Alipotaka kuchora habari za Toussaint L'Ouverture, mtumwa wa zamani aliyewaongoza watu wa Haiti katika vita vya kujikomboa, aliona picha moja haitoshi kubeba mambo yote, basi akachora 41. Kazi hiyo aliimaliza mwaka 1938. Zikafuata picha 32 za Frederick Douglass, na 31 za Harriet Tubman, yule mama aliyetoroka utumwani kisha akarudi mara kwa mara kuwatorosha wenziwe.

Hao walikuwa mashujaa wenye majina. Mwaka 1940 Lawrence aligeukia watu wasio na majina, maana yake aliwageukia wazazi wake mwenyewe. Tangu wakati wa Vita Kuu ya kwanza Watu Weusi wa kusini walianza kuhama kwa makundi makubwa kwenda Chicago, Detroit, Pittsburgh na New York, na hadi kufika mwaka 1970 waliohama walikuwa kiasi cha milioni sita. Vita viliwazuia wageni kutoka Ulaya, viwanda vikakosa mikono, na mawakala wakatumwa kusini kutafuta vibarua. Huko kusini nako mambo yalikuwa yamewashinda watu: mdudu aliharibu pamba, mafuriko yalizamisha mashamba, mkulima aligawana mavuno na mwenye ardhi akabaki na deni kila mwaka, na mtu mweusi aliweza kukamatwa na genge akanyongwa mtini pasipo hukumu ya mahakama yo yote.

Lawrence alipata msaada wa dola 1,500 kutoka mfuko wa Rosenwald, akapanga chumba Harlem, akaanza kazi. Picha zilikuwa 60, kila moja ya inchi 12 kwa 18, juu ya mbao nyembamba. Mchoraji Gwendolyn Knight, mzaliwa wa Barbados, ambaye alimwoa mwaka 1941, alimsaidia kuzitayarisha mbao hizo na kuyatengeneza maelezo mafupi yanayoandamana na kila picha. Namna yake ya kufanya kazi yastahili kutajwa. Alizipanga mbao zote kwa pamoja, akachukua rangi moja akaipaka kila ilipohitajika katika picha zote 60, ndipo akashika rangi ya pili. Kwa hiyo wekundu wa picha ya kwanza ndio wekundu wa picha ya mwisho, na zote zinasomeka kama masimulizi ya mtu mmoja aliyeketi akasema asikatizwe.

La ajabu ni kwamba alizichora nchi za kusini kabla hajazikanyaga. Alizijua kwa kusikiliza nyumbani na barabarani watu wazima wakitaja nani amefika juma hili na nani yu njiani; kisha akaenda maktaba kuyapima aliyoyasikia. Alipofika New Orleans mwaka 1941, picha zilikuwa zimekwisha.

Picha ya kwanza yaonyesha umati ukisongamana stesheni mbele ya milango yenye majina ya miji. Katika picha ya kunyongwa hamna maiti: kuna tawi tupu, kitanzi, na mtu mmoja aliyejikunja juu ya jiwe. Picha ya 57 ni ya mwanamke mfua nguo aliyeshika mti mrefu, akikoroga nguo za rangi nyingi, na maelezo yasema wanawake wa namna yake walikuwa katika wa mwisho kuondoka kusini.

Lakini iliyotufanya tuandike makala hii ni picha ya 53. Ndani yake wamesimama mume na mke weusi wa kaskazini, waliovaa mavazi ya fahari. Hao ni wenyeji waliotangulia mjini, nao waliwapokea ndugu zao wapya kwa kuwabeza na kujitenga nao. Lawrence angaliweza kuiacha habari hiyo. Alikuwa na dhuluma za wazungu za kutosha kujaza mbao zote, naye hakuzificha: kuna nyumba zilizolipuliwa kwa mabomu, kuna mkahawa uliogawanywa kwa kamba. Hata hivyo akaona haki kuandika pia kosa la watu wake. Mimi binafsi namsifu kwa hilo kuliko kwa rangi zake, na wazee wanaokumbuka maneno waliyoambiwa siku walipobisha hodi kwa jamaa wa mjini wataelewa ni kwa nini.

Kazi hiyo ilimpa jina akiwa na miaka 24. Jarida la Fortune lilichapisha picha 26 mwezi wa Novemba 1941. Majumba mawili ya sanaa yakazitaka zote, yakakubaliana kugawana: picha za namba witiri zilikwenda Phillips Collection ya Washington, za namba shufwa Museum of Modern Art ya New York. Hivi leo mtu akitaka kuisoma safari yote hana budi kwenda miji miwili, isipokuwa miaka ile zinapokutanishwa, kama ilivyokuwa mwaka 2015.

Mwaka 1962 Lawrence alizileta picha zake Nigeria, akarudi huko na mkewe mwaka 1964, akachora masoko na njia zake. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, na katika mji huo alifariki mwezi wa Juni mwaka 2000.

Mkusanyo wake mwingine haukupata bahati. Kati ya mwaka 1954 na 1956 alichora picha 30 za historia ya taifa la Marekani, akiwamo mtu mweusi pale vitabu vilipomsahau. Hizo ziliuzwa moja moja, zikatawanyika majumbani mwa watu. Mwaka 2020 zilipokusanywa kwa maonyesho New York kadhaa hazikupatikana, mpaka mtazamaji mmoja akaitambua iliyotundikwa katika nyumba ya jirani zake, nayo haikuwa imeonekana hadharani tangu mwaka 1960.

Daftari la kwanza la chama chetu, lililokuwa na majina ya waliofika mjini na vijiji walikotoka, lilipotea tulipohama ofisi. Katibu amefungua daftari jipya, nalo liko mezani kila Jumapili baada ya mkutano. Mwenye picha ya zamani, barua, au tikiti ya gari moshi na aje nayo. Itanakiliwa na kurudishwa kwake siku hiyo hiyo. Kwa wazee wasioweza kufika, vijana wawili watawafuata majumbani.