Ofisi ya Nyumbani Mabatini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Kompyuta Mpakato, Skrini na Vifaa Vyake

Mwanza – Huduma nyingi za Serikali sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Zabuni za umma huombwa kupitia mfumo wa NeST, majina ya biashara na kampuni husajiliwa kupitia mfumo wa BRELA, leseni za biashara huombwa kupitia TAUSI, na nafasi za kazi serikalini huombwa kupitia Ajira Portal. Kwa mkazi wa Kata ya Mabatini, wilayani Nyamagana, anayetunza hesabu za wafanyabiashara, kuandaa nyaraka za zabuni au kuendesha kikundi cha uzalishaji, chumba kimoja chenye meza na kompyuta kinatosha kuwa ofisi.

Hata hivyo, fedha ya kuanzisha ofisi hiyo mara nyingi ni akiba ya miezi mingi au mkopo, na kosa la siku moja dukani hulipwa kwa muda mrefu. Kompyuta ya bei ya chini isiyopata tena masasisho ya usalama, au iliyounguzwa na umeme katika mwezi wa kwanza, huishia kuwa ghali kuliko ile iliyoachwa dukani kwa sababu ya bei. Makala hii inaeleza mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha.

Kazi itangulie kifaa

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kazi zitakazofanyika. Kuandika barua, kutunza hesabu, kujaza fomu za mtandaoni na kuhudhuria vikao kwa njia ya video hakuhitaji kompyuta yenye nguvu kubwa. Kwa kazi hizo, kumbukumbu ya RAM ya GB 8 na diski ya aina ya SSD yenye GB 256 zinatosha. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo anahitaji RAM ya GB 16 au zaidi.

Diski ya SSD ipewe uzito wa pekee. Diski ngumu ya zamani huhifadhi taarifa kwenye sahani zinazozunguka, hivyo husoma polepole na huweza kuharibika inapotikiswa. SSD haina kitu kinachozunguka ndani yake. Mara nyingi kompyuta ya wastani yenye SSD hufanya kazi za kawaida za ofisi kwa haraka kuliko kompyuta yenye prosesa kubwa na diski ya zamani.

Umri wa prosesa na uhai wa mfumo endeshi

Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu zimekwisha kutumika nje ya nchi. Si vibaya kununua kompyuta ya namna hiyo, ila umri wake ujulikane. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na mpango wake wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi ni wa mwaka mmoja tu. Kompyuta isiyosasishwa huendelea kuwaka kama kawaida, lakini milango inayogunduliwa na wahalifu wa mtandao haizibwi tena. Hatari hiyo ni kubwa kwa mtu anayefanya malipo na kuhifadhi nyaraka za wateja humo.

Mfumo unaofuata, Windows 11, kwa kawaida hukubali prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha nane, na huhitaji kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi hicho husomwa katika namba ya prosesa. Katika i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, maana yake kizazi cha nane. I5-6300U ni ya kizazi cha sita. Namba inayoanza na 1 husomwa kwa tarakimu mbili za mwanzo, hivyo i5-10210U ni ya kizazi cha kumi. Mnunuzi asiridhike na kauli kwamba kompyuta ni "Core i5", kwa kuwa jina hilo limetumika kwa zaidi ya miaka kumi.

Aliyekwisha kununua kompyuta ya kizazi cha zamani bado ana njia. Anaweza kuweka mfumo endeshi wa bure kama Ubuntu, unaoendelea kupata masasisho, mradi programu anazozihitaji zinafanya kazi humo. Kutumia programu zilizovunjwa leseni si njia salama: zinakiuka haki za wabunifu na mara nyingi huja na virusi.

Kukagua kompyuta iliyotumika

Ukaguzi ufanyike dukani, kompyuta ikiwa imewashwa, na usipungue nusu saa. Mnunuzi ajaribu kila kitufe cha kibodi, matundu yote ya kuchomekea waya, kamera, kipaza sauti na intaneti isiyo na waya. Chaja ichomolewe ili kuona kama kompyuta inaendelea kuwaka kwa betri peke yake.

Hali ya betri inaweza kupimwa kwa namba. Katika kompyuta za Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutengeneza taarifa inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa uwezo wa sasa ni nusu ya ule wa awali, mnunuzi ajue kwamba betri mpya ni gharama inayomsubiri, na aizingatie katika kupatana bei.

Jambo jingine ni kufuli. Kompyuta zilizomilikiwa na taasisi huweza kubaki na nywila ya ndani au kusajiliwa kwa mmiliki wa awali, na mnunuzi akazuiwa kuitumia baada ya kuiwekea mfumo upya. Muuzaji aombwe kuiwasha kompyuta tangu mwanzo mbele ya mnunuzi, ikiwa imeunganishwa na intaneti.

Skrini na mkao

Skrini ya ziada humsaidia anayelinganisha nyaraka mbili kwa wakati mmoja, kama vile vitabu vya hesabu na fomu ya ritani. Ukubwa wa inchi 22 hadi 24 na uangavu wa nukta 1920 kwa 1080 unafaa kwa meza ya kawaida. Skrini iliyotumika ikaguliwe ikiwa imeonyesha ukurasa mweupe, kisha mweusi, ili madoa, mistari na nukta zilizokufa zionekane.

Kabla ya kulipa, matundu ya skrini yalinganishwe na ya kompyuta. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA pekee, ilhali kompyuta nyingi za sasa zina HDMI au USB-C. Kibadilishi hupatikana, lakini nacho ni gharama. Kaya yenye televisheni ya HDMI inaweza kuitumia kwa muda wakati ikijipanga.

Kwa afya ya shingo na mgongo, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, na umbali uwe karibu urefu wa mkono. Kompyuta mpakato ikiinuliwa juu ya kiegemeo, au hata juu ya vitabu vigumu, itahitaji kibodi na kipanya vya pembeni.

Umeme, radi na joto

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Kifaa cha kuzuia mpando wa umeme hupunguza madhara ya umeme unaopanda ghafla, lakini hakihimili radi inayopiga karibu. Kinga ya uhakika wakati wa ngurumo ni kuchomoa plagi ukutani. Ekstensheni isilazwe sakafuni wakati wa masika na vuli, maji ya mvua yanapotiririka kutoka vilimani.

Kompyuta mpakato yenye betri nzima ni akiba ya umeme kwa yenyewe. Kwa sababu hiyo, kifaa cha UPS si lazima kinunuliwe mwanzoni. Kitakaponunuliwa, kazi yake kuu itakuwa kuilinda skrini na ruta ya intaneti zisizimike ghafla.

Matumizi ya umeme nayo yahesabiwe. Kompyuta mpakato inayotumia wati 40 kwa saa 8, siku 22 za mwezi, hutumia takriban uniti 7. Skrini ya wati 25 huongeza uniti 4.4. Kompyuta ya mezani ya wati 150, kwa muda huohuo, hutumia zaidi ya uniti 26 kabla ya kuongeza skrini. Tofauti hiyo ni muhimu kwa kaya iliyo katika kundi la D1 la TANESCO, ambamo uniti 75 za mwezi huuzwa kwa bei nafuu ya Shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hutozwa bei ya juu.

Katika chumba kilichoezekwa mabati bila dari, joto la mchana hupunguza kasi ya kompyuta na uhai wa betri. Meza iwekwe mbali na jua, penye hewa, na kompyuta isitumiwe juu ya godoro au kitambaa kinachoziba matundu yake ya hewa.

Mgawanyo wa bajeti

Kwa mfano, mwenye Shilingi 1,000,000 anaweza kupanga hivi: kompyuta 600,000, skrini 160,000, diski ya nje ya kuhifadhi nakala 80,000, kinga ya umeme 60,000, kibodi na kipanya 40,000, na akiba ya waya, vibadilishi na usafiri 60,000. Huu ni mgawanyo wa kupanga matumizi, si bei elekezi.

Fedha ikipungua, skrini ndiyo isubiri. Kinga ya umeme na diski ya nakala zisiondolewe, kwa kuwa kompyuta iliyoungua hununuliwa nyingine, lakini hesabu za wateja zilizopotea hazipatikani dukani.

Risiti, dhamana na sheria

Mnunuzi adai risiti ya EFD, na ahakikishe kiasi kilichoandikwa ndicho alicholipa. Dhamana iandikwe: muda wake, sehemu inazohusu na namba ya utambulisho ya kompyuta. Risiti hiyo pia ni uthibitisho wa umiliki. Kompyuta inayouzwa mitaani bila chaja, bila nyaraka na kwa bei isiyo ya kawaida inaweza kuwa ya wizi, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupokelewa na Tume ya Ushindani, na yale ya ubora hafifu na Shirika la Viwango Tanzania.

Anayehifadhi taarifa za wateja nyumbani anabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kompyuta iwe na nywila, isichangiwe na watoto bila akaunti tofauti, na ifutwe kikamilifu kabla ya kuuzwa. Vifaa vibovu visitupwe jalalani wala kuchomwa moto. Vipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wanaotambuliwa na mamlaka ya mazingira.

Wananchi wanakumbushwa kwenda dukani na orodha iliyoandikwa: kizazi cha prosesa, RAM, aina ya diski, hali ya betri, matundu, risiti na dhamana. Muuzaji asiyeruhusu mambo hayo kukaguliwa kabla ya malipo hastahili kupewa fedha.