Duara, Dubwi na Mkeka

Kijana wa Kakola au Bulyanhulu akisema "mkeka umechanika" hazungumzii ukili, amebeti, amepoteza. Washarika hutuuliza kama kamari huharibu akili au ni dhambi tu. Tuanze na historia.

Kabla wachimbaji wadogo hawajaondolewa Bulyanhulu mwaka 1996, na mgodi mkubwa kufunguliwa mwaka 2001, wengi hapa waliishi kwa duara. Mchimbaji aligawiwa mifuko ya mawe badala ya mshahara, na mfuko waweza kuwa na dhahabu au mawe matupu. Majuma ya hasara, siku moja ya neema. Aliyezoea hivyo haoni ajabu dubwi likimla mara kumi na kumrudishia mara moja. Mmarekani B. F. Skinner alionyesha kwamba malipo yasiyotabirika humng'ang'aniza kiumbe kuliko ya uhakika. Lakini duara lina jasho, wenzako na mwisho wa zamu. Simu haina zamu.

Bahati Nasibu ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya 1974. Sheria ya 2003 ikaunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na kuwakataza walio chini ya miaka 18. Kisha fedha za simu zikaiweka kamari mfukoni.

Madaktari wa akili wa Marekani waliiorodhesha kamari iliyopita kiasi kama ugonjwa mwaka 1980. Mwaka 2013 wakaiweka pamoja na ulevi wa pombe. Orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inayo pia michezo ya video. Sonona, kukosa usingizi, hata mawazo ya kujiua huandamana na madeni yaliyofichwa. Tena njia ni mbili: mwenye sonona naye hukimbilia dubwi apate kusahau. (Nani alitangulia? Mama ambaye mpunga wake umeuzwa kwa siri hana haja na swali hilo.)

Wahubiri hupenda kuwataja askari waliolipigia kura vazi la Yesu, wakamsahau Mathiya, aliyepatikana kwa kura. Kura yenyewe haikuwa kosa. Kwa hiyo kijana asiyeweza kuacha tunamwombea, tena tunamsindikiza Bugando, Mwanza, kwenye idara ya magonjwa ya akili, na laini yake ya fedha anaishika dada yake.