Mavica ya Dijitali

Mavica ya Dijitali ni jina la kamera za kampuni ya Sony ya Japani zilizohifadhi picha kwenye diski inayoweza kutolewa. Mavica ya kwanza, iliyoonyeshwa mwaka 1981, haikuwa ya dijitali: iliandika mawimbi ya video kwenye diski ndogo ya sumaku. Matoleo ya dijitali, MVC-FD5 na MVC-FD7, yalitoka mwaka 1997 yakitumia flopi ya kawaida ya inchi 3.5 yenye megabaiti 1.44. Mwaka 2000, MVC-CD1000 ilianza kutumia CD ndogo.

Thamani ya Mavica ilikuwa zaidi katika usafirishaji wa picha kuliko katika ubora wake. Kwa mfano, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walipovuka mpaka wa Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, mwishoni mwa Aprili 1994, picha za filamu, zikiwemo za mpiga picha Sebastião Salgado katika kambi ya wakimbizi ya Benaco, zilihitaji kusafishwa kwanza ndipo zionekane. Miaka mitatu baadaye, flopi iliyotolewa kwenye Mavica ilisomwa papo hapo na kompyuta yoyote yenye kisoma flopi, bila waya wala programu ya ziada. Ni kweli kwamba picha ya pikseli 640 kwa 480 haikufikia filamu, na flopi ilijaa upesi. Hata hivyo, picha ya ripoti au kitambulisho haikuhitaji ukubwa wa bango, na flopi ilikuwa rahisi kununua. Kadi za kumbukumbu ziliiondoa flopi, lakini zilirithi kanuni yake ya kutolewa kwenye kamera na kusomwa na kompyuta.