Mlango Mmoja wa Barua kwa Vyama Vingi

Katika miaka kumi hii barua pepe za vyama vyetu vya msingi zimepita katika mtambo mmoja wa ofisi kuu, yaani seva, ingawa kila chama kina jina lake. Yafaa wajumbe wajue jambo hili lilianzaje, na kwa nini mlango huo haufunguliwi kwa kila abishaye hodi.

Mwaka 1971 Ray Tomlinson, huko Cambridge, Massachusetts, alipeleka barua ya kwanza kutoka mashine moja hadi nyingine kwa mtandao wa ARPANET. Jina la mwandikiwa alilitenga na jina la mashine yake kwa alama ya @, tuitumiayo hata leo. Lakini katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mashine ya mradi wa INGRES iliyoungwa na mtandao huo ilikuwa na nafasi chache, na watu wa idara nyingine waliitaka sana. Eric Allman aliona kwamba wengi wao hawakuhitaji mashine, walihitaji barua zao tu. Basi karibu na mwaka 1979 akatunga programu ya kuzipokea barua na kuzipokeza kwenye mashine za wenyewe. Kutokana na hiyo ikazaliwa Sendmail.

Hata hivyo anwani ilikuwa ingali imefungwa na mashine. Mwaka 1983 Paul Mockapetris aliweka utaratibu wa majina ya vikoa, na Januari 1986 Craig Partridge akaeleza kumbukumbu za MX, ambazo kwazo mwenye kikoa hutangaza ni mtambo upi umpokelee barua. Ikitajwa mitambo kadhaa, wenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. Tangu hapo chama kisicho na mtambo wowote chaweza kuwa na anwani ya jina lake, na barua zake zikashukia kwa mwingine.

Zamani hizo mtambo ulipokeza barua ya yeyote kwenda kwa yeyote, nao ulikuwa ujirani mwema. Katika miaka ya 1990 walaghai wakautumia vibaya. Walikabidhi barua moja yenye anwani tele kwa mtambo wa mtu mwingine, naye akabeba gharama na lawama pia. Ndipo zikatokea orodha za mitambo iliyo wazi, na barua zake zikakataliwa zote, njema na mbovu. Mwaka 1998 Sendmail toleo la 8.9 likaacha desturi ile: asiyeruhusiwa kwa jina hapokezwi.

Kwa hiyo mtambo wetu hauna budi kujua vikoa unavyovipokelea, mahali pa kuzipeleka barua za kila kimoja, na ni nani, kwa neno lake la siri, aruhusiwaye kutuma nje. Hayo hayasahauliki. Kinachosahaulika, kwa maoni yangu, ni orodha ya wapokeaji wenyewe. Mtambo ukipokea barua ya karani aliyekwisha kuacha kazi, kisha chama chake kikaikataa, hulazimika kumrudishia aliyeituma; na walaghai aghalabu huandika jina la kuiba. Barua hiyo humwangukia mtu asiye na hatia, na ofisi kuu huhesabiwa miongoni mwa wasumbufu. Ndiyo maana makatibu huombwa kuleta jina la karani anayeondoka siku ileile aondokapo, wasingoje mkutano wa mwaka.