Bwana Mifugo wa Muguga

Ukimtajia sotoka kijana anayechunga Longido au Kajiado, huenda akadhani unazungumzia mbuzi. Babu yake asingekosea. Sotoka ilikuwa ya ng'ombe, na ikiingia zizini haikubakiza. Ilianza na homa, macho yakatoa usaha, mdomo ukajaa vidonda, kisha mnyama akaharisha mpaka akaanguka; siku kumi na mbili zilikuwa nyingi. Kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua ya watoto.

Iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 kupitia pwani ya Eritrea, ikashuka hadi nchi ya Wamaasai, na mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Katika maeneo mengi ng'ombe wanane au tisa kati ya kumi walikufa. Njaa ikafuata, na ndui juu yake. Wamaasai waliziita siku hizo emutai, yaani kuangamia.

Zaidi ya miaka sitini baadaye, nje kidogo ya Nairobi, daktari mmoja wa mifugo alikuwa akihamisha kimiminika kutoka chupa moja kwenda nyingine. Jina lake Walter Plowright, mzaliwa wa Holbeach, Uingereza, mwaka 1923. Alifika Kenya mara ya kwanza akiwa na jeshi, akafanya kazi Kabete nchini humo na Vom, Nigeria, na mwaka 1956 akahamia Muguga, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo kilichohudumia Afrika Mashariki nzima. Alikaa hapo mpaka 1971, akila mshahara wa umma.

Chanjo haikuwa jambo geni. Ile iliyotumika kwa wingi ilitengenezwa kwa kupitisha kirusi mbuzi hadi mbuzi mpaka ukali wake upungue. Ila iliwalemea ng'ombe wa aina fulani, wakaugua kwa dawa iliyokusudiwa kuwakinga. Plowright na mwenzake R. D. Ferris wakaazima ufundi ambao wataalamu wa polio walikuwa wameuonyesha, wa kukuza virusi katika seli ndani ya chupa. Walitumia seli za figo za ndama, wakaziambukiza kirusi cha sotoka cha aina iitwayo Kabete, kikishazaliana wakakihamishia kwenye seli mpya. Wakarudia mara 90 hivi. Ni kazi ya kuchosha, hata kuisimulia. Lakini mwishoni walipata kirusi kisichoweza tena kuua ng'ombe, ila kinachoufundisha mwili wake kujikinga. Taarifa ilichapishwa mwaka 1962. Sindano moja ilitosha maisha yote ya ng'ombe, awe wa aina yoyote, na bei yake ilikuwa ndogo.

Hata hivyo, kisa cha nyumbu ndicho kinachomweleza mtu huyu vizuri zaidi. Wamaasai walikuwa wakisema miaka nenda miaka rudi kwamba ng'ombe akila majani mahali nyumbu walipozalia, atakufa. Mwaka 1960 Plowright na wenzake wakatangaza kwamba wamekipata kirusi cha ugonjwa huo, ambao si sotoka, katika nyumbu, ambaye hukibeba bila kuugua. Wafugaji walilaumu kondo la nyuma; maabara ikaonyesha kwamba kirusi hutoka hasa puani na machoni mwa ndama wachanga wa nyumbu. Kuhusu mahali na majira, wafugaji hawakukosea hata kidogo, na hadi leo wengi huwaondoa ng'ombe malishoni nyumbu wanapozaa.

Nyumbu hao nao walifaidi chanjo ambayo hawakuchomwa. Ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti walipochanjwa, sotoka iliyokuwa ikiua ndama wa porini ikatoweka. Nyumbu 250,000 hivi wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Watalii wanaowapiga picha nyumbu wakivuka mto Mara hawaelezwi hilo mara nyingi.

Chupa za Muguga peke yake zisingetosha. Kampeni ya nchi 22 za Afrika ilianza 1962 na kumalizika 1976, serikali zikalegea, sotoka ikarudi miaka ya 1980 na kufyeka tena. Tatizo jingine lilikuwa barafu. Chanjo iliharibika kwenye joto, na wafugaji wengi waliishi mbali na umeme. Mtafiti Jeffrey Mariner akaitengeneza upya ili ikae mwezi mzima bila jokofu, na wafugaji wa Karamoja, Afar na Sudan ya Kusini wakafundishwa kuchanja ng'ombe wao wenyewe.

Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Plowright alikuwa amepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Alifariki Februari 2010. Juni 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui, naye hakuwepo kusikia.

Ile inayojulikana na kijana wa Longido, sotoka ya mbuzi na kondoo, bado ipo, na dunia imejipangia kuimaliza ifikapo 2030. Chanjo yake nayo hukuzwa katika seli, kwa ufundi ule ule. Bwana mifugo akifika na sanduku lake la barafu, mbuzi wasifichwe.